Ndege Wageni wa Karagwe na Kyerwa, na Faida ya Kupashana Habari Zao

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ndege, na hasa twasema na watu wa Karagwe na Kyerwa, kwa sababu nchi yao imekaa mahali ambapo ndege wengi hupita, na wengine hukaa, ambao si rahisi kuwaona penginepo. Hatukusudii kuwasifu ndege kwa uzuri wao tu. Tuna neno moja la kuwaambia, nalo limo katika mithali ya wazee: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazameni kwanza jinsi nchi ilivyo. Upande wa magharibi mto Kagera wapita kati ya Tanzania na Rwanda ukielekea kaskazini. Kisha hujikunja kwenda mashariki, ukawa mpaka wetu na Uganda karibu na Murongo. Kando yake pana mabwawa na mafunjo marefu. Nyuma ya mabwawa pana mbuga za majani na miti ya miiba. Kisha vilima, na juu ya vilima migomba na mibuni ya watu. Zamani nchi hii yote ilikuwa wilaya moja ya Karagwe, hata mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya ya peke yake. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa kuwa Hifadhi za Taifa, yaani Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ng'ambo ya mto, upande wa Rwanda, iko Hifadhi ya Akagera iliyowekwa tangu mwaka 1934. Lakini ndege hana habari na mpaka. Aweza kulala Rwanda na kula Kyerwa, na yule aliyemwona akilala hajui wapi alikokula, mpaka watu wawili waambiane.

Ndege wa nchi hii ni wa namna mbili. Wako wenyeji, ambao hutaga na kulea papo hapo. Na wako wageni, wajao kwa majira yao na kuondoka kwa majira yao. Mvua za vuli zianzapo, Septemba na Oktoba, ndipo wageni wa kutoka Ulaya na Asia waanzapo kufika. Na masika yaingiapo, Machi na Aprili, hurudi kwao kutaga. Sababu yao ni rahisi kufahamu. Huko kwao wakati wa baridi wadudu hufa au kujificha, na ndege alaye wadudu hana riziki. Hapa kwetu wakati huo mvua imenyesha, na panzi na kumbikumbi ni wengi.

Mmoja wao ni mbayuwayu, yule mwenye wekundu kooni na tumbo jeupe, ambaye jioni huruka chini chini juu ya majani akidaka wadudu. Uzito wake ni gramu 20 hivi, kama barua moja ya posta, naye ametoka Ulaya au Asia. Mwingine ni ndege mdogo mwenye tumbo la manjano, atikisaye mkia, ambaye huwafuata ng'ombe malishoni, maana kwato zao hushtua wadudu katika majani. Wachungaji wa Karagwe wamjua sana, lakini si wote wajuao kwamba baada ya Aprili haonekani tena kwa kuwa amekwenda kutaga katika nchi za mbali za kaskazini. Wa tatu ni keremkerem wa Ulaya, mwenye koo la manjano na mgongo wa rangi ya mdalasini, ambaye wafuga nyuki hawampendi, nao wana haki yao. Wa nne ni korongo mweupe, mwenye mdomo na miguu myekundu na mabawa yenye ncha nyeusi. Huyu hapigi mabawa sana. Hungoja jua lipashe ardhi moto na hewa ipande, naye hupanda nayo akizunguka juu mpaka awe kama nukta. Kisha hujiachia kuteleza mbele. Kwa hiyo hapendi kuvuka bahari pana, bali hufuata nchi kavu, na makundi yake huweza kushuka pamoja shambani penye nzige au viwavi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mkulima mwenye viwavi shambani aujua ukweli wa maneno hayo.

Tena wako wageni wasiotoka nje ya Afrika. Yuko korongo mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, atagaye katika nchi za kaskazini ya ikweta, kisha akashuka kusini akifuata mvua. Na yuko mbayuwayu wa pili, ambaye tutamtaja tena, kwa kuwa ni adimu sana.

Sasa mtu atauliza: watu walijuaje kwamba ndege hawa husafiri? Hapo kale watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wao huenda wapi. Wengine walidhani hulala chini ya matope ya maziwa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822, huko Klütz katika Ujerumani, alipigwa korongo mweupe, na walipomtazama waliona shingo yake imepitishwa mshale mrefu. Wenye maarifa wakatambua kwamba mti na chuma chake ni vya Afrika. Ndege huyo alikaushwa, na mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock pamoja na mshale wake. Fikirini jambo hili. Mwindaji mmoja wa Afrika alilikosa windo lake, akarudi nyumbani mikono mitupu. Naye pasipo kujua alikuwa amewapelekea watu wa Ulaya barua, iliyowaambia kwamba korongo wao hukaa kwetu.

Baadaye watu walitafuta njia iliyo bora kuliko mshale. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za alumini miguuni, kila pete na namba yake, ili atakayemwokota ndege ajue wapi pa kupeleka habari. Mwezi Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Mwezi Desemba 1912 akaonekana Natal, kusini kabisa mwa Afrika. Mtu wa huko aliisoma namba, akaandika barua, na kwa barua hiyo moja ikathibitika kwamba ndege mwenye uzito wa barua huvuka bara zima. Lau angalitupa ile pete, au angalimfanyia mtoto wake kidani, tusingalijua.

Siku hizi ndege wengine huvishwa chombo kidogo mgongoni, chenye kupeleka habari kwa njia ya setilaiti. Mwaka 2019 kekeo mmoja wa Mongolia, aliyepewa jina la Onon, alivishwa chombo hicho. Akaja mpaka Zambia, na mwezi Mei 2020 akarudi kwao, akiwa amesafiri zaidi ya kilomita 20,000. Lakini vyombo hivyo ni ghali, na ndege wenye kuvivaa ni wachache mno. Kwa ndege wote waliobaki hakuna chombo kingine ila macho ya watu walio njiani mwao. Na ninyi mko njiani.

Na tuseme sasa juu ya ndege adimu. Wa kwanza ni korongo mwenye taji, ambaye kila mtu amjua kwa nywele zake za dhahabu kichwani, naye ndiye aliye katika bendera ya Uganda. Kwa kuwa mwamjua, mwaweza kudhani kwamba ni wengi. Sivyo. Mwaka 2012 alitiwa katika hesabu ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Hutaga mayai mawili au matatu katika majani ya bwawa, na bwawa likikaushwa kwa kilimo hana mahali pengine. Tena wako watu wakamatao makinda yake ili kuyauza, na wengine hufa kwa sumu zitiwazo mashambani.

Wa pili ni zuwakulu mwenye uso mwekundu. Mwili wake ni mweusi, usoni ana wekundu, na mabawa yake yana pindo la manjano. Mdomo wake ni mnene, naye hula matunda ya miti. Mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Reichenow alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1892. Katika dunia nzima hapatikani ila katika nchi hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria, yaani kaskazini-magharibi ya Tanzania, kusini-magharibi ya Uganda, mashariki ya Rwanda, na jirani zake. Mtu wa Ulaya hutoa fedha nyingi na kusafiri siku nyingi ili amwone ndege ambaye labda mtoto wa Karagwe amemwona leo asubuhi juu ya mti wa jirani.

Wa tatu ni ndege wa mafunjo, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, na wa manjano utosini. Huyu hakai ila ndani ya mafunjo. Mafunjo yakifyekwa yote, naye amekwisha. Wa nne ni yule ndege mkubwa wa kijivu, ambaye domo lake lafanana na kiatu cha mti, naye husimama kimya saa nyingi akimvizia kamongo. Ameonekana katika mabwawa ya Akagera, na katika nchi yetu hukaa hasa katika mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi.

Wa tano ni yule mbayuwayu wa pili tuliyemtaja. Mwili wake wote ni buluu iliyoiva yenye kung'aa, hana wekundu wala weupe, na dume ana mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Hutaga katika nyanda za juu za kusini mwa nchi yetu, na Malawi, na Zimbabwe, na Afrika ya Kusini. Kisha, tangu Aprili hata Septemba, huja kukaa katika nyanda za majani za ukanda wa Ziwa Viktoria. Tazameni ajabu hii: mbayuwayu wa Ulaya aondokapo ndipo huyu afikapo, na huyu aondokapo ndipo yule arudipo. Basi mtu akituambia, "Tumeona mbayuwayu wengi," hajatuambia neno. Lakini akituambia, "Mwezi Juni tarehe fulani, saa mbili asubuhi, juu ya majani ya bonde la kijiji fulani, tuliona mbayuwayu 6, buluu mwili mzima, mikia mirefu kama nyuzi," hapo ametupa mali. Tofauti ya habari hizi mbili haiko katika macho ya mtu, bali katika daftari lake.

Na mambo haya si mageni kwenu. Msafiri Mwingereza aitwaye Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika, mwezi Novemba 1861, ndipo alipopata hapa Karagwe habari za nzohe, yule mnyama wa mabwawani mwenye kwato ndefu. Wenyeji walimjua nzohe tangu zamani: walijua alalapo, alacho, na namna ya kumwinda. Lakini hawakuwa wameandika, na Speke aliandika. Kwa hiyo katika vitabu vya elimu mnyama yule ana jina la Speke mpaka leo. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Twasema ili ijulikane kwamba ajuaye asipoandika, jina na heshima humwendea aandikaye.

Tena tunaye mfano mwema. Huko Amani katika milima ya Usambara alikaa tangu mwaka 1928 hata mwaka 1946 mtaalamu aitwaye Moreau, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya safari za ndege kati ya Ulaya na Afrika kilitokea mwaka 1972. Msaidizi wake mkuu katika kuwatafuta na kuwatambua ndege wa Usambara alikuwa Salimu Asmani. Alikuwa na jicho na sikio la kutambua yale ambayo mgeni hakuyatambua, na jina lake limehifadhiwa katika historia ya elimu ya ndege ya nchi yetu. Kazi ile, basi, si ya wageni peke yao, wala haikupata kuwa yao peke yao.

Sasa tuwaeleze namna ya kuandika. Kwanza, andikeni tarehe na saa. Pili, andikeni mahali, si jina la wilaya tu, bali kijiji, na bonde au kilima. Tatu, hesabu ya ndege. Na kama ni wengi mno, kadirieni, mkaandike kwamba mmekadiria. Nne, umbo na rangi: mdomo, miguu, kifua, mkia. Tano, alilokuwa akifanya: alikuwa akila, au akipita juu, na alielekea upande gani. Sita, sauti yake, kama ilisikika. Saba, jina lake kwa lugha ya nyumbani, kwa Kinyambo, maana wazee wana majina ambayo hayajaingia katika kitabu, na kila mzee afapo hufa nayo. Wala msidharau kuandika pale msipoona kitu. Bwawa ambalo korongo wenye taji walitaga kila mwaka, na mwaka huu hawakutaga, ni habari kubwa kuliko kundi la ndege mia. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini zaidi ya yote andikeni kweli. Huko Uingereza, karibu na mji wa Hastings, kwa miaka mingi mwanzoni mwa karne iliyopita ziliandikwa habari za ndege adimu wengi mno kupita kiasi. Mwaka 1962 wataalamu walizichunguza, wakaona hazina uaminifu, na kumbukumbu za mamia ya ndege zikafutwa. Pamoja na za uongo zikafutwa na nyingine ambazo labda zilikuwa za kweli, kwa kuwa haikuwezekana tena kuzitenga. Ndivyo ulivyo uongo: hauli peke yake. Mkiwa na shaka, andikeni kwamba mna shaka. Si aibu. Mtu aandikaye, "Tulidhani ni zuwakulu, lakini alikuwa mbali," ataaminiwa siku atakaposema, "Ni yeye hasa."

Yako pia mambo ya kunyamazia. Si kila habari ni ya kupigiwa mbiu. Mkiliona tundu la korongo mwenye taji, mwambieni mwalimu au mlinzi wa hifadhi. Msimwambie mpita njia asiyejulikana aulizaye bei. Habari ya ndege ni kama habari ya mali ya ndani: huambiwa mwenye kuilinda.

Na mkimwona ndege mwenye pete mguuni, au chombo mgongoni, msimdhanie uchawi wala upelelezi. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo mweupe alikamatwa na kufungiwa kwa sababu watu walidhani chombo alichovaa ni cha kupelelezea. Kumbe kilikuwa cha wataalamu wa kufuata safari za ndege. Alipofunguliwa hakukaa siku nyingi, akauawa na kuliwa. Ndege wa namna hiyo akiwa hai, someni namba kama yasomeka, mkamwache aende zake. Akiwa amekwisha kufa, itunzeni pete, andikeni namba na maneno yote yaliyo juu yake, na siku, na mahali, mkaipeleke habari kwa walinzi wa hifadhi au kwa mwalimu ajuaye njia ya kuifikisha.

Habari zikiisha kuandikwa zaenda wapi? Ziko kazi kadhaa za kuzipokea. Katika miaka ya 1980 Neil na Liz Baker walianzisha Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambamo habari za ndege zimekusanywa kwa mahali na kwa miezi, kutoka kwa watu wengi. Liko shirika la Nature Tanzania, lishughulikalo na ndege na viumbe wengine wa porini. Tangu mwaka 1977 liko jarida la Scopus, la ndege wa Afrika ya Mashariki, ambamo habari za ndege adimu hupimwa na kuchapwa. Na kwa mwenye simu ya siku hizi uko mtandao wa eBird, ulioanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, upokeao habari kutoka kila nchi. Lakini msingojee simu. Shule moja, daftari moja, na wanafunzi wawili wa zamu kila juma, yatosha kuanza. Shule ya Kayanga na shule ya Nkwenda na shule ya Murongo zikiandika kila moja siku ile mbayuwayu wa kwanza alipoonekana, kisha zikaonyeshana madaftari, mwisho wa mwaka zitajua jambo ambalo hakuna mtu mwingine duniani alijuaye. Baada ya miaka kumi zitaweza kusema kama wageni wanachelewa, au wanapungua, au wameacha kuja. Na wakuu wakitaka kujua bwawa lipi liachwe na lipi lilimwe, watakuwa na mahali pa kuuliza.

Maana jambo lenyewe ndilo hili, wasikilizaji. Ndege akitoweka mahali alipokuwa ameandikwa, watu huuliza sababu. Akitoweka mahali ambapo hakuna aliyemwandika, hakuna anayeuliza, maana ni kama hakuwapo. Mafunjo ya Kagera na vilima vya Karagwe vina ndege ambao watu wa mbali huwaota tu. Ninyi mwaamka nao kila asubuhi. Chukueni kalamu, mwandike mliyoyaona, mkaambiane.

Haya ndiyo tuliyokusudia kuwaambia leo.